Doa la Kaposi Lisingojewe: Funzo la Matriksi kwa Wahudumu na Wagonjwa wa Rungwe

Saratani nyingi hujificha ndani ya mwili hadi zitafutwe kwa vipimo. Saratani ya Kaposi ina desturi nyingine. Mara nyingi huanza mahali panapoonekana kwa macho: kwenye unyayo, kwenye mguu, kwenye ncha ya pua au kwenye paa la kinywa, kama doa la zambarau au la kahawia iliyokolea, ambalo kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana jeusi kabisa. Kwa kawaida doa hilo haliwashi wala haliumi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mkulima wa Rungwe mwenye chai ya kuchuma na ndizi za kupeleka sokoni haachi kazi kwa ajili ya doa lisilouma. Naye mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni ni nadra kumwambia mgonjwa avue viatu, iwapo hakulalamikia miguu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika ugonjwa huu methali hiyo ni ukweli wa kitabibu.

Hoja ya makala haya ni kwamba doa la Kaposi halifai kungojewa, na kwamba sababu ya kutolingoja imo katika sayansi ambayo kwa kawaida hudhaniwa kuwa ni ya maabara za mbali: sayansi ya molekuli zilizo nje ya seli, na namna zinavyoongoza uchipuaji wa mishipa ya damu ndani ya uvimbe. Anayeielewa sayansi hiyo ataona kwa nini mwezi mmoja wa kuchelewa si sawa na mwezi wowote ule, na kwa nini mguu hauwezi kurudishiwa kila ulichopoteza.

Zipo sauti mbili zinazopinga. Ya kwanza husema kuwa Kaposi ni ugonjwa wa zamani, uliokwisha tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004. Ni kweli kwamba umepungua, lakini haujakwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na kuwa Mkoa wa Mbeya, ambamo Rungwe imo, ulikuwa na zaidi ya asilimia 9. Mahali penye watu wengi wanaoishi na VVU, na ambapo baadhi yao hugundulika wakiwa wamechelewa au huacha dawa njiani, Kaposi bado ina makao. Sauti ya pili husema kuwa molekuli ni za maprofesa na kwamba zahanati inahitaji dawa, si nadharia. Sauti hiyo inasahau kwamba mhudumu asiyejua kwa nini anafanya jambo huliacha siku kazi inapomzidi.

Uvimbe uliojengwa kwa mishipa

Mwaka 1872 Moritz Kaposi, daktari wa ngozi mjini Vienna, aliandika juu ya wagonjwa wachache waliokuwa na mabaka yenye rangi, yaliyoanzia miguuni. Huko Ulaya ulikuwa ugonjwa wa nadra, hasa wa wazee. Afrika Mashariki na ya Kati ilikuwa na habari nyingine: ugonjwa huo ulijulikana vizuri miongo kadhaa kabla ya UKIMWI, kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Kampala kuujadili peke yake. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, nchini Marekani, waligundua kirusi kinachousababisha, ambacho leo huitwa HHV-8. Kirusi hicho huenea zaidi kwa mate, na watu wengi walio nacho hawapati saratani kamwe. Kinapokutana na kinga iliyodhoofika ndipo hupata nafasi.

Ukichukua kinyama kidogo cha doa la Kaposi na kukitazama kwa hadubini, utaona seli ndefu zilizochongoka pande zote mbili, na katikati yake nyufa nyembamba zilizojaa chembe nyekundu za damu. Nyufa hizo ni mishipa iliyojengwa vibaya. Seli zenyewe zina undugu na zile zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu na ya limfu. Rangi ya zambarau, basi, ni damu iliyomo na iliyovuja. Uvimbe mwingine huita mishipa ije kuulisha. Huu, kwa sehemu kubwa, ni mishipa yenyewe iliyopotea njia. Kwa hiyo hakuna saratani inayofaa zaidi kufundishia somo la mishipa.

Somo hilo lilianza rasmi mwaka 1971, pale Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto huko Boston, alipotoa hoja kuwa uvimbe usiopata mishipa mipya hauvuki ukubwa wa milimita moja au mbili. Seli zilizo mbali na mshipa hukosa oksijeni na chakula, na takataka zake hukosa pa kupitia. Ili uendelee kukua, uvimbe hutoa kemikali zinazoyaamsha matawi mapya kutoka kwenye mishipa iliyo jirani. Kwa miaka mingi macho ya watafiti yalielekezwa kwenye kemikali hizo. Baadaye ikaonekana kuwa kemikali peke yake hazitoshi. Mahali zinapofanyia kazi napo pana kauli.

Kitanda cha seli

Seli za mwili hazielei hewani. Zimelala juu ya wavu wa protini na sukari ndefu, ambao wanasayansi huuita matriksi ya nje ya seli. Kamba zake kuu ni kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi na kano uimara. Chini ya seli za ukuta wa mshipa upo utando mwembamba wa kolajeni ya aina ya nne na laminini. Kandokando yake zipo fibronektini na molekuli kubwa zenye minyororo ya heparani salfeti. Seli huushika wavu huu kwa mikono inayoitwa integrini, ambayo hupeleka habari ndani ya seli: ishi, gawanyika, tembea, au kufa.

Mkulima wa maharage ya kutambaa anajua kuwa mbolea nzuri haitoshi bila kijiti cha kushikilia. Mche usio na kijiti hujikunja chini na kuoza. Tawi jipya la mshipa nalo halitambai bila cha kushika. Kichochezi cha ukuaji huliamsha, lakini ni matriksi inayolipa njia.

Matriksi hufanya kazi tatu katika uchipuaji huo. Kwanza, ni kizuizi. Utando wa chini ya mshipa lazima ukatwe kabla tawi halijatoka, na wakataji ni vimeng'enya vinavyoitwa metaloproteinezi. Katika Kaposi vimeng'enya hivyo huonekana kwa wingi. Pili, ni ghala. Minyororo ya heparani salfeti hushika vichochezi vya ukuaji na kuvihifadhi. Vimeng'enya vinapoikata, vichochezi hufunguliwa vyote kwa pamoja, kama maji ya mfereji uliotobolewa. Tatu, ni breki. Baadhi ya vipande vya matriksi iliyokatwa huzuia mishipa isichipue. Mwaka 1997 Michael O'Reilly, akiwa katika maabara ya Folkman, alitangaza endostatini, kipande cha kolajeni ya aina ya kumi na nane, kilichozuia uvimbe kukua katika panya. Trombospondini, protini nyingine ya matriksi, ilikwisha kutambuliwa miaka kadhaa kabla yake kuwa na tabia hiyo hiyo.

Kwa hiyo wavu ule ule unaoweza kulilea tawi la mshipa unaweza pia kulinyima nafasi. Katika mwili wenye afya mizani hukaa sawa: mishipa mipya huchipua kidonda kinapopona, kisha hunyamaza. Katika uvimbe mizani huelemea upande mmoja, wala hairudi yenyewe.

Hila ya VVU

Hapa Kaposi inatoa funzo ambalo saratani nyingine hazina. Ili HHV-8 iingie ndani ya seli, hujishikiza kwanza kwenye heparani salfeti, kisha kwenye integrini. Yaani kirusi hupita katika mlango ambao seli huutumia kuzungumza na kitanda chake.

VVU navyo vina hila yao. Seli zilizoambukizwa VVU hutoa protini iitwayo Tat. Mwaka 1990 Barbara Ensoli na wenzake walionyesha katika maabara kuwa Tat huchochea ukuaji wa seli zilizotolewa kwenye Kaposi. Kazi zilizofuata zilieleza sehemu ya siri hiyo: ndani ya Tat umo mfuatano mfupi wa asidi amino ambao umo pia kwenye fibronektini, na ambao integrini huushika. Tat hujifanya matriksi. Seli ya mshipa huigusa ikidhani imegusa kitanda chake, na hupokea amri ya kutembea na kugawanyika. Vichochezi vya ukuaji vilivyokwisha kufunguliwa ghalani vikiongezeka juu yake, nguvu ya viwili hivyo pamoja huwa kubwa kuliko ya kila kimoja peke yake.

Ushahidi huu ni wa maabara na wa wanyama, na katika mwili wa mtu yapo mengine yanayotendeka, hususan kinga kudhoofika na kushindwa kukidhibiti HHV-8. Lakini yote mawili yanaelekeza mahali pamoja. Dawa za kufubaza VVU hupunguza seli mpya zinazoambukizwa, hivyo hupunguza chanzo cha Tat, na wakati huo huo huirudisha kinga kazini. Ndiyo maana kwa mgonjwa mwenye mabaka machache ya ngozi, dawa hizo peke yake mara nyingi hutosha kuanzia tiba, mradi afuatiliwe kwa karibu. Kidonge kinachotolewa bure katika zahanati ya kijijini ni silaha ya kwanza ya kuunyima uvimbe huu mishipa. Mgonjwa anayekiruka kwa sababu nauli imekosekana, au kwa sababu anaficha hali yake nyumbani, hana budi kuambiwa hilo kwa lugha anayoielewa.

Mguu unaokuwa mgumu

Sababu nzito zaidi ya kutongoja iko mguuni. Mishipa ya Kaposi huvuja, na mishipa ya limfu inayopaswa kuyarudisha maji hayo huzibwa na uvimbe. Mguu hujaa. Mwanzoni ukibonyezwa kwa kidole hubonyea, na ukiinuliwa usiku hupungua. Lakini maji yaliyojaa protini yakikaa muda mrefu kwenye tishu huziamsha seli zinazotengeneza kolajeni. Kamba huongezeka, husukana na kukaza. Mguu huwa mgumu kama gogo. Ngozi hupasuka, huingiwa na vijidudu na kutoa harufu.

Matriksi iliyokwisha kukazwa namna hiyo haitoweki uvimbe unapokufa. Tiba inaweza kuziua seli za saratani, madoa yakafifia, kipimo cha wingi wa virusi kikawa safi, na bado mguu usiingie kwenye gambuti. Katika nchi ya mvua nyingi na miteremko kama Rungwe, mtu ambaye goti na kifundo chake havikunjiki hachumi chai, hateremki mtoni, wala habebi mkungu wa ndizi kupandisha mlima. Amepona saratani na amepoteza kazi. Hasara hii haionekani katika takwimu za vifo, na pengine ndiyo sababu huzungumzwa kidogo.

Mguu kama huo pia hudanganya. Anayeuona kwa mara ya kwanza huweza kudhani ni matende, akampa mgonjwa dawa za minyoo na kumrudisha nyumbani. Wengine hudhani ni mzizi au kurogwa, wakachanjwa chale. Kuchanja uvimbe uliojaa mishipa dhaifu ni kukaribisha damu isiyokatika upesi na vijidudu vinavyoingia kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kila jeraha huufungua wavu wa matriksi na kuwaita waponyaji wa mwili, ambao ni vichochezi vile vile vya mishipa. Mwaka 1986 Harold Dvorak alizieleza saratani kuwa ni vidonda visivyopona. Hakuna hekima ya kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Dawa zilizotarajiwa na dawa zilizopo

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa sayansi imejua haya yote, iko wapi dawa ya kuikata mishipa? Jibu linahitaji ukweli. Dawa za kuzuia metaloproteinezi zilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali kuanzia miaka ya 1990, na nyingi hazikutimiza ahadi. Moja yake, COL-3, yenye asili ya tetrasaiklini, ilijaribiwa nchini Marekani kwa wagonjwa wa Kaposi. Baadhi yao madoa yalipungua, lakini haikufikia kuwa tiba ya kawaida. Endostatini iliyoshangiliwa sana mwaka 1998 haikuleta muujiza uliotangazwa magazetini. Bevasizumabu, inayofunga kichochezi kikuu cha mishipa, iliongeza uhai wa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa kwa wastani wa miezi kama minne, kama utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulivyoonyesha, na bei yake ni mzigo mzito hata kwa nchi tajiri.

Funzo la historia hiyo si kwamba sayansi imeshindwa. Ni kwamba mizani ya matriksi ikishaelemea sana, kuirudisha kwa molekuli moja ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kuizuia isielemee. Kwa mantiki hiyo, fedha ya kwanza haifai kwenda kwenye dawa mpya za mishipa. Inafaa kwenda kwenye macho ya kuliona doa mapema na njia ya kumfikisha mgonjwa kwenye tiba iliyokwisha kuthibitika.

Na tiba hiyo ipo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Malawi ambayo ni jirani wa Kyela. Wagonjwa wenye Kaposi iliyoendelea walipewa dawa za kufubaza VVU pamoja na mojawapo ya tibakemikali tatu. Baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopewa paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa bleomisini na vinkristini. Paklitakseli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya anasa.

Yapasayo kufanywa Rungwe

Kutoka Tukuyu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Hadi jijini Mbeya ni kama 70. Tofauti ya umbali huo ndiyo tofauti kati ya mgonjwa anayemaliza mizunguko ya dawa na anayeiacha. Hivyo basi, kwa mgonjwa wa Kaposi asiye na matatizo mengine makubwa, kanuni iwe kutibiwa Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, na safari ya Dar es Salaam ibaki kwa wanaoihitaji kweli. Hilo linataka paklitakseli isiyokatika, wauguzi waliofunzwa kuitoa kwa usalama, na utaratibu wa kinyama kuchukuliwa wilayani na kusafirishwa badala ya mgonjwa kusafirishwa. Kinyama ni lazima, kwa sababu si kila doa jeusi ni Kaposi, na tibakemikali haitolewi kwa kukisia.

Kliniki za tiba na matunzo nazo hazihitaji mashine. Zinahitaji dakika mbili: kuvua viatu, kutazama nyayo na katikati ya vidole, kuangaza tochi kwenye paa la kinywa na ufizi, kupapasa mitoki. Lifanyike kwa kila anayeanza dawa, kwa kila anayerudi baada ya kuacha, na kwa kila ambaye wingi wa virusi umepanda. Damu kutoka tumboni, au kikohozi cha damu na kubanwa pumzi kwa mgonjwa mwenye madoa, visichukuliwe kuwa ni kifua kikuu tu au vidonda vya tumbo. Kaposi huingia ndani, na hapo rufaa ni ya siku hiyo hiyo.

Tahadhari mbili ziwekwe ukutani. Ya kwanza: wiki za mwanzo za dawa za kufubaza virusi, madoa huweza kuongezeka au mguu kuvimba zaidi kwa sababu kinga inayorejea huja na ukali. Dawa zisisimamishwe, mgonjwa apelekwe haraka kwenye tathmini ya tibakemikali. Ya pili: prednisoloni na dawa za jamii yake huichochea Kaposi. Kumpa mgonjwa huyu vidonge hivyo kwa ajili ya uvimbe wa mguu au pumu isiyothibitishwa ni kumdhuru.

Waganga wa tiba asili wasiachwe nje. Wao huuona mguu kabla ya daktari. Mganga anayejua kuwa doa hili halichanjwi, na anayejua jina la muuguzi wa kumpelekea mtu, ni mlinzi kuliko tangazo lolote la redio.

Kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa ndugu wanaoishi naye, maneno ni machache. Kaposi haiambukizwi kwa kupeana mikono wala kwa kuosha mguu wa mgonjwa. Kuwa nayo si aibu, wala si hukumu ya kifo. Kila jioni, baada ya kunawa tope la shambani, tazama nyayo zako na za mwenzako kwenye mwanga. Ukiona doa jipya lisilouma, usisubiri liume. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, onyesha, na uombe litazamwe.